Kinanda cha Kujitengenezea Kinavuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kelele za Umeme

Majibu haya yanahusu kinanda kidogo ambacho wengi wetu tulianza nacho: chipu moja ya CD40106 yenye osileta sita (sakiti ndogo zinazotoa mlio), potensiomita (kitasa cha kuzungusha) ya kila osileta ya kupandisha na kushusha noti, chipu ya LM386 ya kukuza sauti, na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu. Kwa betri ya volti 9 kinaimba vizuri. Siku mwenyewe anapochoka kununua betri na kukichomeka ukutani, ndipo maswali yanapoanza.

Jambo moja tuelewane kwanza. Ampli haitengenezi sauti kutoka hewani. Inafungua na kufunga njia ya umeme uliopo, kama bomba linavyofungua na kufunga maji. Maji yakiwa na tope, bomba zuri halitakusaidia. Kwa hiyo umeme wa kinanda ni sehemu ya kinanda, sawa na ngozi ilivyo sehemu ya ngoma.

Kwa betri kimya, kwa adapta kinavuma. Adapta ni mbovu?

Huenda, lakini usiitupe bado. Ukiweka betri badala ya adapta, vitu viwili vinaondoka kwa mpigo: umeme wenye viwimbi (usiotulia, unaopanda na kushuka), na waya unaokiunganisha kinanda na ukuta. Wapo waliobadili adapta tatu na mvumo ukabaki uleule, kwa sababu tatizo lao lilikuwa lile la pili.

Kabla ya kununua chochote, chomoa mikisa, kompyuta na ampli kubwa. Ubaki na kinanda, adapta na hedifoni tu. Mvumo ukiendelea, shughulika na adapta. Ukinyamaza, ruka hadi swali la mikisa.

Kisha shusha voliumu hadi sifuri. Kama mvumo haupungui, unaingia baada ya potensiomita ya voliumu, yaani kwenye LM386 yenyewe au kwenye waya wake wa ardhi (wa hasi, unaorudisha mkondo). Kama unapungua pamoja na sauti, unatokea huko nyuma, kwenye osileta na nyaya zake. Jaribio hili halidai kifaa chochote, na limeniokolea saa nyingi kuliko mita yangu.

Nitatambuaje aina ya kelele kwa sikio?

Mwanamuziki ana bahati hapa, kwa sababu anaweza kuipa kelele noti. Umeme wa gridi Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani ni wa hezi 50. Kwenye piano, G ya chini kabisa, ile ya hezi 49, iko karibu sana nayo. G inayofuata ni hezi 98, jirani wa hezi 100. Fungua programu yoyote ya piano kwenye simu, piga hizo G mbili, linganisha. Mvumo utasikika umepanda kidogo juu ya noti, kama theluthi moja ya hatua kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata. (Aliye Marekani au Kanada atafute kati ya B-flati na B, kwa kuwa umeme wa huko ni hezi 60.)

Tumia hedifoni. Spika ndogo ya redio haiwezi kutoa hezi 50 sawasawa. Itakupa mlio wa juu yake tu na kukudanganya.

Hezi 100, yenye ukali kama nyuki ndani ya kopo, ni viwimbi vilivyobaki baada ya diodi nne (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) kugeuza umeme wa AC wa ukutani kuwa DC. Kapasita kuu ya pawasapulai, inayohifadhi umeme na kuutuliza, ina uwezo mdogo mno au imekauka, au regyuleta (chipu inayoshikilia volti zisibadilike) imezidiwa. Hezi 50 laini, inayobadilika ukisogeza mkono au ukishika chasisi, inatoka nje: waya usio na wavu wa kinga, transfoma iliyo karibu, au ardhi iliyokatika. Lakini hezi 50 yenye ukali wakati una daraja la diodi nne ni dalili kwamba diodi mojawapo imekufa, na daraja linafanya kazi nusu.

Mluzi mwembamba unaobadilika kila unapogusa kitu ni wa adapta ndogo za kisasa au wa chipu za kidijitali. Na ule mfoko wa "shshsh" kama mvua ya mbali kwa kawaida si wa umeme kabisa. Unatokana na kukuza sauti kupita kiasi. LM386 ikiwa na kapasita kati ya mguu wa 1 na wa 8 inakuza mara 200. Itoe, irudi kwenye mara 20, na mfoko utapungua papo hapo.

Nimejenga pawasapulai yangu: transfoma ya volti 9, diodi nne, kapasita ya maikrofaradi 1000 na regyuleta ya 7809. Mbona inanguruma?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye hesabu.

Volti 9 za transfoma ni za AC. Kilele chake ni 9 mara 1.41, yaani kama 12.7. Kila wakati umeme unapita diodi mbili, na kila moja inakula karibu 0.7, hivyo kwenye kapasita unafika na 11.3. Sasa toa viwimbi: gawanya mkondo kwa zao la masafa na ukubwa wa kapasita. Kinanda kinachokula miliampia 100, masafa ya hezi 100, maikrofaradi 1000: jibu ni volti 1 nzima. Bonde la wimbi linashuka hadi 10.3.

7809 inahitaji takriban volti 2 juu ya zile inazotoa, yaani 11. Kwa hiyo mara 100 kila sekunde umeme unashuka chini ya kiwango chake, regyuleta inakosa pumzi, na shimo hilo linapita hadi kwenye spika. Regyuleta si mbovu. Imenyimwa nafasi ya kufanyia kazi.

Ukiweka kapasita ya 2200, viwimbi vinashuka hadi karibu nusu volti. Unasaidika, lakini bado uko chini ya 11. Dawa ni transfoma ya volti 12: kilele 17, toa 1.4 za diodi, unabaki na 15.6. Hapo regyuleta inapumua. Itapata joto kidogo, basi ifunge kwenye kipande cha bati la aluminiamu. Ukikosa transfoma ya 12, bakia na ya 9 na utumie 7805, kwani CD40106 na LM386 zote zinafanya kazi kwa volti 5. Sauti itakuwa ndogo, ila safi.

Wanaotumia regyuleta ya LM317 wana nyongeza ya bei ndogo. Weka kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka mguu wa kurekebisha hadi ardhi, na uwezo wake wa kuzuia viwimbi unapanda kutoka takriban desibeli 65 hadi 80. Nashangaa ni wangapi wanaiacha.

Asubuhi kinapiga safi, jioni kinanguruma. Ni joto?

Ni jirani zako wanapika na kupiga pasi. Rudi kwenye hesabu ya juu. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, jambo ambalo mitaa mingi inalijua, transfoma ya 12 inatoa karibu 9.9. Kilele 14, toa diodi, toa volti 1 ya viwimbi, unabaki na 11.6. 7809 inaponea chupuchupu. Transfoma ya 9 ilikwisha zama zamani. Pima volti za AC za soketi saa 2 usiku na saa 4 asubuhi, uziandike. Unayejenga kinanda cha kupigia kwenye shughuli, kijenge kwa ajili ya saa 2 usiku.

Naweza kutumia chaja ya simu?

Ndiyo, kwa masharti. Chaja hukatakata umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio, lakini mabaki yake hukutana na osileta zako na kuzaa miluzi inayosikika. Njia ya kuyapunguza ni kuweka rezista ya omu 10 kwenye waya wa chanya, kisha kapasita ya maikrofaradi 470 na ya seramiki yenye alama 104 kwenda ardhi. Kichujio hicho kinaanza kukata kwenye hezi 34 hivi. Kwa miliampia 50 unapoteza nusu volti tu. Kiweke kwa ajili ya osileta peke yake, usikipitishie LM386, kwa sababu hiyo inahitaji kuvuta mkondo kwa ghafla.

Wengine husema wanahisi mtetemo mwepesi wakigusa jeki. Ndani ya chaja zisizo na pini ya eathi (waya wa usalama wa soketi) mna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 5, iliyowekwa kwa makusudi ili kupunguza mawimbi ya redio, na ndiyo inayoleta mtetemo huo na mvumo wa hezi 50. Hasi ya kinanda ikiunganishwa na mikisa yenye eathi, vyote viwili hutoweka. Lakini chaja ya bei ya kutupa, nyepesi kama ganda tupu, usiiunganishe na kitu unachokishika kwa mikono saa nzima. Huwezi kujua waliotenganisha umeme ndani walitenganisha kwa kiasi gani.

Pawabenki nayo ina tabia yake: nyingi hujizima zikiona mkondo unaovutwa ni mdogo mno. Kinanda kikizimika chenyewe baada ya muda mfupi, usitafute kosa kwenye sakiti.

Nifungue adapta niongeze kapasita ndani?

Hapana. Ndani mna kapasita iliyojaa umeme wa DC wa volti zipatazo 325, na inaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa. Chujio lolote liwekwe nje, upande wa umeme mdogo.

Kikiwa peke yake kizuri, kikichomekwa kwenye mikisa kinavuma. Kwa nini?

Kwa sababu sasa ardhi ina njia mbili. Moja inapita kwenye waya wa sauti, nyingine kwenye nyaya za eathi ukutani, na pamoja zinafanya duara. Mkondo mdogo unazunguka humo, na mikisa inausoma kama sehemu ya muziki wako.

Anza na lisilo na gharama: chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, ili duara liwe dogo. Ikishindikana, weka transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1 kati ya kinanda na mikisa. Sauti inapita kwa sumaku, waya haugusani na waya, na duara linakatika. Au piga kwa betri siku ya onyesho.

Usikate pini ya eathi. Nimeona ikikatwa kwenye majukwaa na watu wakaona wametatua. Walichofanya ni kuondoa kitu pekee kinachomlinda mwimbaji anayeshika maikrofoni yenye chuma huku ampli ina hitilafu. Mvumo hauui mtu.

Mbona osileta mbili zinavutana? Nikizikaribisha noti, zinashikana na kuwa moja.

Osileta ya CD40106 hupima muda wake kwa kulinganisha kapasita na volti za umeme unaoilisha. Sita zote zinakula sahani moja. Moja inapogeuka, inachota mkondo kidogo, umeme unatikisika, na jirani aliyekuwa karibu kugeuka anasukumwa ageuke naye. Ndiyo sababu haziwezi kupishana kwa yale mawimbi mazuri ya taratibu.

Lehemu kapasita ya seramiki ya 104 moja kwa moja kati ya mguu wa 14 na wa 7 wa chipu, juu ya miguu yenyewe. Ikiwa sentimita 10 mbali kwenye kona ya bodi, imepoteza nusu ya kazi yake. Ongeza ya maikrofaradi 10 kando yake na kile kichujio cha omu 10 kabla ya chipu. Mvutano utapungua sana. Hautaisha kabisa, kwa kuwa osileta hizo ni za kipande kimoja. Ukitaka mbili zisizojuana hata kidogo, tumia chipu mbili, kila moja na kichujio chake.

Kuna wanaoupenda mvutano huo na kuuacha. Ni haki yao, ila uwe uamuzi wao.

Aliyejenga kwa chipu ya 555 ya kawaida atalia zaidi, maana inapogeuka huvuta mkondo wa ghafla unaosikika kama "tik" kwenye kila kitu kingine. Ibadili kwa 7555 au TLC555. Miguu ni ileile, na vurugu ni ndogo sana.

Nikiongeza sauti, noti inabadilika; nikizidisha, kinaanza kusema "put-put-put". Nini hicho?

Ni ugonjwa mmoja katika hatua mbili. Betri ya volti 9 ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ni omu 5, na unaongezeka kadiri betri inavyochoka. LM386 ikivuta miliampia 100 kwa pigo la besi, umeme unashuka kwa nusu volti, na osileta zinazopimia volti hizohizo zinabadilika. Zidisha, na mshuko huo unarudi kwenye ingizo la ampli, unakuzwa tena, unashusha tena: ndiyo hiyo injini ya boti.

Weka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na mguu wa 6 wa LM386, na ya 10 kutoka mguu wa 7 hadi ardhi. Mguu wa 7 upo kwa kazi hiyo, lakini michoro mingi inauacha wazi. Kwenye mguu wa 5, rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47 kwenda ardhi huzuia ampli kupiga kelele za juu zisizosikika zinazoipasha moto. Halafu osileta zipe regyuleta yao ndogo, kama 78L05, ziachane na shida za spika.

Nimeweka kapasita zote hizo na bado. Nini kimebaki?

Waya wa kurudi. Kila mtu hutazama waya wa chanya, mwekundu, na kuusahau mweusi, ilhali mkondo wote uliokwenda lazima urudi. Kinanda changu cha kwanza cha ukutani nilikibadilishia chipu kwa wiki nzima, na kosa lilikuwa waya mweusi mmoja niliourusha kutoka spika hadi kwenye potensiomita kwa sababu ulikuwa mfupi.

Tazama kinachotokea. Waya mwembamba pamoja na matundu ya bredibodi (bodi ya kuchomeka vifaa bila kulehemu) vinaweza kufikia omu 0.1. Spika ikirudisha miliampia 200 kupitia hapo, panazuka milivolti 20 kati ya ncha mbili za kitu unachokiita ardhi. Kama ingizo la LM386 linapimia ardhi kwenye ncha ile mbaya, milivolti hizo zinakuzwa mara 20, na unazisikia.

Chagua nukta moja: mguu hasi wa kapasita kubwa ya pawasapulai. Kutoka hapo toa nyaya nyeusi tofauti, moja ya spika, moja ya mguu wa 4 wa LM386, moja ya osileta, moja ya potensiomita na jeki. Zisikutane popote pengine. Zikichorwa zinafanana na mguu wa kuku. Waya kutoka daraja la diodi uishie kwenye kapasita hiyo kwanza, usipitie bodi ya osileta, kwa sababu diodi zinajaza kapasita kwa mapigo makali na mafupi.

Na bredibodi ni ya majaribio. Ukisharidhika na saundi, lehemu.

Kapasita za kubomoa kwenye redio za zamani zinafaa?

Za seramiki, ndiyo, bila wasiwasi. Zile za kopo hukauka kwa miaka. Ya maikrofaradi 1000 inaweza kuwa imebaki 300, na hesabu yote ya juu inaanguka. Kichwa kikiwa kimevimba au kuna unyevu chini, itupe. Kwa pawasapulai nunua mpya yenye volti 25, Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi) hutaikosa. Mstari uliochorwa ubavuni ni wa upande wa hasi. Ikigeuzwa hupasuka.

Natumia Arduino. Kuna mlio mmoja usiobadilika nyuma ya muziki.

Kama mlio uko karibu na B iliyo juu ya C ya katikati, ni hezi 490, kasi ya kawaida ya PWM (kuwasha na kuzima mguu haraka haraka ili kuigiza volti za kati) kwenye miguu mingi ya bodi ya Arduino Uno. Hiyo si kelele ya umeme, ni programu. Ukiipandisha PWM hadi hezi 62,500, inatoka nje ya masikio.

Baada ya hapo kumbuka kwamba PWM haina kinga yoyote: mguu ukiwa juu, unatoa volti 5 zilezile za bodi, na uchafu wake wote. Volti 5 za USB kutoka kompyuta ni chafu. Ilishe bodi kwa pawasapulai yako, na taa za LED zinazowaka na kuzima zipe waya wao wa kurudi.

Nyumbani ni sola tu. Nianzie wapi?

Uko mahali pazuri kuliko wa gridi, ukiacha inveta. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, lenye kona kali, na kona hizo hupenya transfoma na kuwa mlio wa nyuki. Toa umeme moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, weka fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na betri, kisha 7809. Betri ikichajiwa inaweza kupanda hadi volti 14.4, na regyuleta haijali. Ukisikia mlio mchana na usiku haupo, ni kidhibiti cha chaji kinachokatakata umeme wa paneli. Kile kichujio cha omu 10 kitauondoa kwenye osileta.

Nimefanya yote. Umebaki mvumo mdogo nikiweka sikio kwenye spika.

Shika transfoma, izungushe taratibu nyuzi 90 huku ukisikiliza, bila kugusa upande wa umeme wa ukutani. Sumaku yake ina mwelekeo, na kuna pembe moja ambapo nyaya zako haziioni. Ipate, weka alama kwa kalamu, ifunge hapo kwa skrubu. Afadhali zaidi, itoe nje ya boksi, nusu mita mbali, na umeme wa DC tu ndio uingie ndani. Kama mvumo unasikika tu ukiwa umebandika sikio kwenye spika, hakuna msikilizaji atakayekaa hapo. Funga boksi upige.